Vitako Vyembamba

Mshona viatu hakukusudia kusikiliza, ila kiti kilichokuwa mbele yake ndani ya basi hakikuwa na siri. Mbeba mifuko wa klabu ya gofu alikuwa ameikamata orodha ya karani wa stoo aliyeketi naye, ya fimbo mpya za kuchukua nafasi ya zile zilizochakaa.

"Fimbo nyingine sina neno nazo, kaka. Lakini hizi za kutolea mpira mchangani zina vitako vyembamba, kule chini zinakogusa mchanga. Mchanga wetu laini kama unga. Zitazama."

"Mwenyekiti kazichagua mwenyewe. Zinang'aa."

"Hata kijiko kinang'aa. Yeye mchangani kaingia lini? Mpira wake ukiangukia humo tunausukuma nje kwa mguu, naye anajifanya anatazama ndege."

Mshona viatu aliguna. Ndivyo walivyo wakubwa: anayejua haulizwi, anayeulizwa hajui.

"Mgeni anayeazima fimbo za klabu akishindwa kuutoa mpira, lawama ni za mbeba mifuko," yule wa mifuko akaendelea. " Shemeji yangu alifukuzwa hivyo hivyo. Andika vitako vipana."

"Niandike, nifukuzwe mimi?"

Basi likasimama mbele ya lango la klabu. Karani akanyoosha mkono apewe karatasi yake. Mwenzake hakuiachia, na abiria wa nyuma wakaanza kuomba njia.