Mwalimu Salomon na Majirani wa Kansa

Mwalimu Paluku Kitsa Salomon hakupiga hodi kwa mtu kabla ya kuwasalimu majirani wa mtu huyo. Hata aliyemwita kwa haraka alimngojea amalize.

Alizaliwa Luotu, Lubero, tarehe 14 Mei 1953, kifungua mimba wa wakulima wa viazi. Alisoma sekondari Butembo, kisha biolojia Kisangani. Mwaka 1979 alimwoa Mapenzi, muuza vitenge, aliyesema alimkubali ili anyamaze. Hakunyamaza.

Hadi 2018 aliwafundisha wauguzi hapa Butembo. Somo alilolipenda ni kwamba kansa haikui peke yake. Siku moja alimsimamisha mwanafunzi Josaphat katikati ya uwanja awe kansa, wenzake wawe seli za kando: hawa wamjengee uzio, wale wamletee maji, na wengine, walinzi wa mwili, wasinzie. Wamama waliotoka sokoni, kuona kijana anahudumiwa hivyo, wakadhani ni bwana arusi. Wakatua mizigo, wakapiga vigelegele, mmoja akamlisha ndizi, akauliza:

"Mwalimu, na bibi arusi iko wapi?"

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini, akawageukia wanafunzi. "Mumeona? Hakuna mwenye aliwalazimisha. Ni vile na seli zenye kushonaka kidonda: kansa inaziita, zinazani ni kazi yao ya kila siku. Tukitafuta dawa ya kansa, tutafute na ya hao majirani."

Mwaka 2023 kansa ya tumbo ilimpata yeye mwenyewe. Binti yake Christa, muuguzi aliyerudi chuoni Beni akiwa na miaka arobaini na kitu, aliacha mémoire yake, tasnifu ya kumaliza masomo, juu ya seli hizo hizo za kando ili amuuguze. Baba alikataa, akamwambia arudi chuoni.

"Na nikirudia nikute umeenda, papa?"

"Utakuta nimeenda, na wewe uko na diplome. Ukibaki, nitaenda tu, na diplome hapana."

Christa alitetea kazi yake tarehe 11 Oktoba 2024. Kurudi, malori yalikwama matopeni, naye akaomba kitu kimoja tu: amkute baba hai. Alimkuta ameketishwa juu ya mito, amenyolewa, amevaa tai, amekataa uji hadi asikie yote, maswali ya waalimu na majibu yake. Akasikia yote, akikatiza kila mara.

Alifariki alfajiri ya tarehe 14, familia ikiwa kando yake. Ameacha mjane Mapenzi, watoto Christa, Ézéchias na Jemima, wajukuu, na wauguzi aliowafundisha, kutoka Butembo hadi Eringeti. Mungu ampe amani na usingizi mwema.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, Christa akimfunika blanketi, baba alimwambia: "Ile swali ya mwisho hukuijibu muzuri. Lala kwanza, kesho nitakuonyesha."