Mraba wa Baba Kipimo

Makomredi wa karakana na wa mihadhara! Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa kukata vyuma, tunayemwita Baba Kipimo, anastaafu rasmi Ijumaa hii. Mapambano hayapiganwi kwa mabango peke yake. Mengine hupiganwa kwa kipanya cha kompyuta na jicho lisilokubali kudanganywa.

Alianza na penseli na rula. Kompyuta zilipoingia akawa mkalimani: mchoro uliochorwa kwa programu moja akauhamishia kwenye ile inayosomwa na mashine. Kuhamisha si kunakili. Mistari huachana njiani, vipimo hubadilika bila kuaga. Mwaka wa kwanza bawaba za milango ya maabara zilitoka ndogo kama hereni, na mkewe, kwa raha zake, akazivaa. Tangu hapo kila faili linalopita mikononi mwake huchorewa pembeni mraba wa sentimita kumi. Faili likishahamishwa, mraba hupimwa kwanza. Ukipungua, hakuna anayegusa swichi.

Mraba huo ndio uliotuokoa mwezi huu. Kwa muda mrefu tulidai njia ya mteremko kando ya ngazi za ukumbi, ili Katibu wetu, anayetumia kiti cha magurudumu, asiendelee kubebwa kama gunia kuingia kwenye vikao vya chama chake mwenyewe. Utawala wa chuo ulisalimu amri, ukatoa bamba la chuma. Moja tu, bila ahadi ya jingine. Kumbe mchoro wetu ulihesabu kwa inchi, mashine kwa milimita! Mraba ulipopimwa ulikutwa mdogo kuliko punje ya hindi. Baba Kipimo akacheka hadi miwani ikamdondoka: "Wanangu, hapa atapanda kifaranga. Katibu tutamwambia nini?"

Akarekebisha kipimo, akaunga mistari, akapima upya. Sawasawa! Bamba likakatwa, vipande vikachomelewa, karakana nzima ikashusha pumzi. Jana Katibu alipanda mwenyewe, akageuka mlangoni na kututania tuliozoea kumbeba: "Haya, mabwana, kazi mmeachishwa!"

Baba Kipimo, ahsante. Mashine umemwachia fundi msaidizi uliyemfunza, nasi hatuna hofu. Tunakuombea afya tele, na asubuhi zisizo na kengele.

Makomredi, mkutano ujao ni Jumatatu, saa nne asubuhi, ukumbini. Mlango atatufungulia Katibu.