Mzee Chwaa na Sahani Yenye Pengo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Chwaa, mpiga ngoma. Jina alipewa na toazi lake, au sahani, kama wapigaji wanavyoliita. Ile inayopigwa mara moja wimbo unapopanda: chwaaa!

Miaka thelathini alikaa nyuma ya bendi. Kushoto, sahani mbili zinazolaliana, akizifunga na kuzifungua kwa mguu: chi, chi, chi. Kulia, ile pana inayobeba wimbo mzima: tii, ti-ti, tii. Na juu, chwaa.

Kisha masikio yakaanza kumtoroka. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kupotea. Yeye akadhani sahani zimechuja.

"Mama watoto, umezisugua na nini hizi?"

"Sufuria zangu zimeniisha, mpaka nisugue makopo yako?"

Basi akawa anapiga kwa nguvu. Kila wiki nguvu zaidi. Siku moja mazoezini, chwaa ikapasuka ukingoni.

Wenzake wakacheka. Binti yake, fundi cherehani, hakucheka. "Baba, sahani hazina kosa. Ni masikio."

Mzee alinuna wiki nzima. Kiti kile cha mpiga ngoma ndicho kilichokuwa maisha yake, na bendi gani ingemweka kiziwi? Wiki ilipokwisha akachukua msumeno na tupa, akaukata ule ufa usizidi kutambaa. Likabaki pengo, kama la mtoto aliyeng'oka jino. Akamkabidhi binti vijiti.

"Baba, mimi nashona tu."

"Mguu umeshazoea cherehani. Shida iko wapi?"

Akawa anasimama nyuma yake, vidole chini ya sahani, anasikiliza kwa ngozi. "Hiyo umeikaba, mwanangu. Iache ipumue." Na ile yenye pengo ikatoa sauti mpya, fupi, kavu: chwa! Watu wakaipenda kuliko ya zamani.

Mzee Chwaa ametutoka Jumanne, usingizini. Binti anashona asubuhi, jioni anakalia kiti kile.

Kwa mama, kwa binti, kwa bendi nzima: poleni sana. Nasi tujiulize, ni kitu gani tunakilaumu, kumbe tatizo liko kwetu?

Binti yuko hapa studio. Ameomba tusimkumbuke baba yake kwa kimya. Atapiga sahani pana, ile inayovuma kwa muda mrefu, mara moja tu. Msiishie kusikiliza, wapendwa. Wekeni kiganja juu ya redio.