Mwoga wa Ghala la Hopley Anastaafu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi Hilary Preece anastaafu tarehe 31 Oktoba. Wageni wamemjua kama msimamizi wa Ghala la Hopley. Sisi tuliofanya naye kazi tumemjua kama mwoga nambari moja wa jimbo zima la Shropshire. Hatashtuka kulisoma neno hilo hapa, maana amelisikia kila siku kutoka kwangu, fundi wake, Clive Tudge.

Alianza kama mfua mashuka, mwaka uleule mzee Garbett, mwenye ghala, alipowatoa ng'ombe, akaweka sakafu ya mbao, akatandika vitanda darini palipokuwa pa nyasi kavu, na kuanza kulikodisha ghala kwa makundi: koo nzima zinazosherehekea miaka themanini ya babu, wapanda milima wenye viatu vya matope, mabibi harusi watarajiwa na marafiki zao. Hilary aliwaokea keki ya kuwakaribisha na kuamua ugomvi wa nani alale karibu na choo. Alipandishwa cheo kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kumnyamazisha mzee Garbett.

Woga wake una asili. Katika mwaka wake wa tatu walikuja akina Dunmore, wakubwa kwa watoto. Jumamosi mchana walichoma soseji uwanjani, na kama kawaida ya huku kwetu, mvua ikaja nyama ikiwa nusu mbichi. Sisi Waingereza tunajua la kufanya: kujifanya hatuioni. Ilipowashinda, waliingia ndani na trei yao ya makaa, wakaipandisha darini walikolala watoto, iwape joto. Hawakuwa wapumbavu. Makaa yalishafifia, hayatoi moshi, na wakati ule yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo.

Hilary alipita kuwaletea mayai. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nazibua mfereji wa paa. Alisimama mlangoni, akaniita.

"Clive, mbona kimya?"

"Si wamelala. Waache watu wapumzike, dada."

"Watoto sita, mvua inanyesha, halafu kimya? Hebu shuka hapo, twende!"

Wakubwa walikuwa sebuleni wakisinzia na bia zao. Darini watoto walilala mashavu mekundu, wazuri kweli, na hawakuamka tulipowaita; hewa ya makaa, isiyo na harufu, ilishawalevya. Hilary alivunja dirisha kwa kiti. Tuliwashusha mmoja mmoja hadi nje, tukawalaza kwenye nyasi, mvuani. Wa mwisho, kisichana kiitwacho Poppy, hakuwa akipumua. Hilary alimpulizia pumzi mdomoni mpaka akakohoa. Najua haya ni maandishi ya sherehe, lakini niliogopa vibaya sana siku ile. Wote walipona.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyebaki na trei yake. Kila Ijumaa Hilary aliwapokea mlangoni, akapekua magari kama askari wa forodha, akaondoka na makaa na kuwaachia keki. Vilipokuja vile vifaa vinavyolia vikinusa hewa ya sumu, alivifunga kila chumba, na bado akaendelea kupita mwenyewe kila mvua iliponyesha. Wageni walinung'unika, na mzee Garbett akafoka kwamba anamfukuzia wateja.

"Acha walalamike," alimjibu. "Anayelalamika yuko hai."

Nilimcheka miaka yote hiyo.

Jumamosi iliyopita alikwenda kwa binti yake, na ghala likaachwa mikononi mwangu. Baada ya chakula cha mchana mvua ilishuka. Nilijimiminia chai, ikanishinda. Nikaendesha gari hadi ghalani. Lilikuwa na kundi la wanakwaya, madirisha yamefungwa yote, na hakuna sauti. Wanakwaya! Niligonga mlango kwa ngumi zote mbili. Alifungua bwana mmoja mwenye soksi bila viatu, karata mkononi.

"Una wazimu wewe? Tunacheza!"

"Mpo wote?"

"Sasa twende wapi na mvua hii?"

"Basi kila mmoja aseme neno. Tafadhali."

Walisema, kwa kejeli, mmoja baada ya mwingine, hadi bibi wa mwisho aliyekuwa amejilaza darini, ambaye neno lake halichapiki. Nilirudi garini nikakaa kwanza, kabla ya kuwasha injini.

Bi Hilary, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa mashuka, kwa keki na kwa kelele. Woga wako umeshanihamia mimi, wala sikuuomba. Tunakutakia maisha mema na usingizi mzito, hasa siku za mvua.