Mama Lebo, Komba Saba na Fundo la Gunia

Nina miaka themanini na mmoja. Nimewazika wakurugenzi watano, nimeona paa la ghala likiezuliwa mara mbili, na kile kikohozi cha dawa za kuhifadhia ngozi kilichowamaliza wenzangu mimi kimenishindwa. Basi kumwandika Mama Lebo nani wa kunipita? Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika jumba letu la makumbusho.

Kazi yake ilikuwa moja: kumtoa kwenye droo mnyama mkavu, aliyepigwa risasi kabla babu zetu hawajaoa, na kutafuta alitoka wapi hasa. Wawindaji waliowapiga waliandika kwenye lebo walichosikia. Kuna swala aliyeandikiwa "Mbelekidogo". Wasomi waliitafuta Mbelekidogo kwenye ramani miaka kumi na miwili. Mama Lebo alipoiona lebo ile alicheka mpaka akakaa chini. Mpagazi aliulizwa wanakwenda wapi, akajibu kama tunavyojibu sote! Akachukua lebo ya siku iliyotangulia, akahesabu mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani, mahali penyewe akapagundua.

Wanyama elfu mbili na mia tatu amewarudisha kwao namna hiyo. Mkurugenzi wa nne alimwambia aandike tu "barani", yaishe. Akamjibu, "Bosi, na wewe ukifa tukuandike barani?"

Sasa la komba. Mwaka wa mvua kubwa, kabla yeye hajaajiriwa, maji yaliingia ghalani, lebo zikaelea. Niliziokota mimi. Haikupotea hata moja, na cheti nilipewa. Nyingi nilizikumbuka kwa rangi na madoa, nikazifunga tena miguuni mwa wanyama wake. Saba za mwisho niliwafungia komba saba, kwa kukisia tu. Kusoma nilikuwa sijui, na sikumwambia mtu.

Lebo hizo zilisema komba walitoka mlima wa ng'ambo ya mto. Mama Lebo akaenda kutafuta wenzao walio hai, yeye na dereva wetu Kijiko, yule mwembamba aliyekula kutushinda sote. Siku kumi na nne, komba hakuna. Wakirudi, mto ukachukua gari. Yeye alitoka na mguu anaouburuta mpaka leo. Mwili wa Kijiko ulionekana siku ya tatu. Kwenye rekodi ikaandikwa: komba wa mlima ule wametoweka.

Mwaka uliofuata aliniita mezani, droo iko wazi.

"Mzee, wawindaji walifunga fundo la mara mbili. Hili la gunia ni la nani?"

"La marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Si wako wengi!"

Akanitazama, akafunga droo. Ni miaka tisa sasa, na kila asubuhi bado ananiamkia.

Fundo ni langu. Rekodi ifutwe: mlima ule haukupoteza komba, aliyewapoteza ni mimi. Cheti nimekirudisha, kimo ndani ya droo yao. Jana nilikwenda kwa mke wa Kijiko, nikamwambia kwa mdomo wangu. Hakunikaribisha ndani.

Mama Lebo, ahsante. Kaupumzishe mguu huo. Huko uendako ukiambiwa ni mbele kidogo, iwe mbele kidogo kweli.

Wa kunishuhudia ni mjane wa Kijiko, na Mama Lebo mwenyewe. Wakikataa kusema, fungueni droo. Mafundo yapo miguuni.