Kichana Hakufa kwa Unga

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliotoka kituoni alikofanya kazi mkasimama kule ukutani kana kwamba mmekuja kuomba ruhusa, sogeeni mbele, viti vipo, maana aliyelala hapa asingekubali maisha yake yasomwe ninyi mkiwa mmesimama. Mimi ni dada yake mkubwa, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya mdogo wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kichana, na nitaisoma yote.

Nasema yote kwa sababu jana mchana, katika kikao cha familia, baba yetu mdogo alishauri tupunguze, akasema, "Mwanangu, sema tu aliugua kwa muda mfupi, inatosha, tusijianike mbele za watu." Baba mdogo, heshima yako iko pale pale, ila marehemu mwenyewe alishalikataa jambo hilo, mwaka jana, akinisuka sebuleni kwangu, aliponiambia, "Dada, siku nikifa msije mkaniogesha kwa maneno, mimi nimeshaoga."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi cherehani na karani wa posta, akaanza darasa la kwanza mwaka 1988, na shuleni alikuwa na mdomo kiasi kwamba mwalimu wa hesabu alimhamisha dawati muhula mzima, na kila alikohamia kelele zilihamia naye. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1998, matokeo hayakumbeba, akaenda kujifunza ususi katika saluni ya shangazi yetu, na huko ndiko alikopata jina, kwa sababu alikuwa akichomeka kichana kwenye nywele zake mwenyewe na kukisahau, siku moja akaenda nacho hadi benki, akasimama dirishani kwa madaha yote, na foleni nzima ikacheka.

Mwaka 2003 aliolewa na dereva wa lori. Mwaka 2005 mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi saba, na wakati sisi tukimwambia ajikaze, mume wake alimletea unga, akamwambia avute kidogo tu, atasahau, na kweli alisahau, akasahau saluni, akasahau kula, akasahau njia ya kuja nyumbani kwetu. Mwaka 2008 dereva yule aliondoka na lori lake akamwacha na sindano mkononi, hakurudi, hakupiga simu, na kama yu hai mahali fulani anakunywa chai yake kwa raha, basi na ajue leo tunamzika nani.

Kwa miaka mitatu Kichana aliishi nyuma ya karakana ya matairi, yeye na wenzake wakijidunga kwa sindano moja, mikono imevimba, midomo imekauka, na watu wa mtaa wakimwita teja, wakiwemo wanawake walioolewa wakiwa na nywele alizosuka yeye. Mama yetu alikuwa akimpelekea chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, anaketi naye juu ya tairi mpaka amalize, kisha anarudi na bakuli lake bila kumjibu yeyote aliyemuuliza alikotoka.

Mwezi Juni 2011 walifika pale nesi na mshauri wa kituo cha kuwasaidia waraibu, na huyo mshauri naye alikuwa ameuacha unga miaka kadhaa nyuma, wakamchukua hadi kwenye vyumba vyao viwili vyenye pazia la kijani na baraza la saruji. Nesi alimwosha jipu la mkononi, akamfunga bandeji, na kabla ya kuuliza lolote kuhusu dawa za kulevya alimuuliza, "Nikuite nani?" na mdogo wetu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameitwa kwa kufukuzwa tu, alilia mpaka kwikwi ikamshika. Alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaanzishiwa dawa, akaanza pia methadoni, ile dawa ya kumwachisha unga, aliyokuwa akiinywa kwa kikombe kidogo kila asubuhi mbele ya nesi. Alianguka mara mbili, akarudi mara mbili, na kituo kile hakikumfungia mlango wala kumsomea mashtaka, kilimpa kikombe chake na kumwambia karibu tena.

Mwaka 2013 kituo kilimwajiri. Aliweka kiti barazani, akawa anawasuka bure wanawake waliotoka mitaani, wengine nywele zimeshikana kama kamba, na huku anawasuka anawaeleza habari za kupima, za kumeza dawa kwa wakati, za kutogawana sindano, na aliyetaka kuinuka akimbie maneno alimkandamiza mabega akamwambia, "Kichwa chako ninacho mimi, utaenda wapi na nusu kichwa?" Kule nyuma nawaona wengi mliokaa kwenye kiti kile, na leo mko hai, mna kazi, mna watoto.

Tarehe 21 Februari 2015 alifunga ndoa na fundi friji, shemeji yetu huyu, aliyeambiwa ukweli wote siku ya pili ya kufahamiana na akajibu kwamba yeye amezoea vitu ambavyo watu wameshakata tamaa navyo. Tarehe 2 Agosti 2016 walijaliwa binti, ambaye hana virusi, kwa sababu mama yake alimeza dawa zake kila siku bila kuruka hata moja, na mnaonong'ona vinginevyo, na mmeketi humu, mlitakiwa kumuuliza mwenyewe, angewajibu bila haya.

Sasa nafika kwenye kifo. Jumanne ya tarehe 3 mwezi huu Kichana aliamka na maumivu makali ya tumbo upande wa kulia, shemeji akampeleka hospitali, na pale mapokezi alipoulizwa anatumia dawa gani alitaja za virusi na methadoni, kwa kuwa miaka yote aliwafundisha watu wasimfiche tabibu. Ukweli huo ndio uliomponza. Tabibu wa zamu alifunga faili, akamwambia mwenzake kwa sauti, mgonjwa akisikia, "Hawa tunawajua, anatafuta sindano," Kichana akaandikiwa vidonge vya maumivu, akawekwa kwenye benchi la ukumbini karibu na ndoo za kupigia deki. Shemeji alibembeleza, akapandisha sauti, mlinzi akaitwa kumtoa nje. Mdogo wetu, amejikunja, alimshika mume wake shati akamwambia, "Waambie siumwi unga, naumwa tumbo."

Alikaa kwenye benchi lile mpaka mchana wa siku iliyofuata, ndipo daktari wa upasuaji alipopita, akamgusa tumbo, akauliza, "Huyu yuko hapa tangu lini?" Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, na alfajiri ya Ijumaa tarehe 6 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na tatu, hakuuawa na unga, hakuuawa na virusi, aliuawa na ugonjwa ambao hutibiwa kila siku katika hospitali ile ile. Mkuu wa hospitali ametuambia palitokea kutoelewana. Hapakutokea kutoelewana kokote, alisema tumbo, neno ambalo mtoto mdogo analielewa.

Ameacha mume, binti mmoja, mama, ndugu wanne, na watu wa barazani.

Familia inamshukuru daktari wa upasuaji, aliyefanya kwa saa chache kile ambacho wengine hawakukifanya kwa siku nzima, na aliyelia pamoja nasi bila kujificha. Tunamshukuru nesi na mshauri wa kituo na wafanyakazi wenzake wote, waliomrudisha kwetu na kutupatia miaka kumi na mitatu ambayo hatukuitegemea. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na mikono yenu, hata ninyi mliokuwa mkivuka barabara mkimwona, kwa kuwa leo mmevuka kuja upande huu. Waliokuwa zamu siku ile siwashukuru, na familia imekubaliana nami. Jumatatu asubuhi tunakwenda hospitali, mimi, shemeji, baba mdogo, na watu wa kituo, tunataka majibu ya maandishi, na anayetaka kufuatana nasi asisubiri kualikwa.

Pumzika, mdogo wangu. Sisi hatujamaliza.