Mtungi Nilioubeba Kutoka Visiga

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Na leo naomba asifiwe kwa ajili ya mkono mmoja tu, mkono wa kulia wa mama yangu, ambao asubuhi hii umemenya mihogo.

Mimi ni Yona. Wengi hapa Kisarawe mlinijua kwa kunisikia tu, maana nilikuwa sikai. Shule niliiachia darasa la sita, kwa kutotulia. Nimevuna mananasi, nimechunga ng'ombe wa watu, nimepaka rangi nyumba, na popote nilipofika niliuliza maswali mpaka nikafukuzwa. Mama alikuwa na salamu yake. Nikitokea mlangoni na kusema shikamoo, anajibu, "Marahaba. Umekuja kukaa au unapita?" Tunacheka. Baada ya siku mbili, napita.

Kiharusi kilimpata akiwa uani, anamenya mihogo. Dada yangu Neema aliona kisu kimeanguka na mdomo wa Mama umekwenda upande. Hospitali waliokoa uhai wake, Mungu awabariki. Lakini alirudi nyumbani mkono na mguu wa kulia haviamki, na maneno yamefungika. Nilitoka Visiga, kule Kibaha, nilikokuwa nachomelea mageti, nikaja nikasema shikamoo. Alinitazama. Chozi likamtoka. Ile salamu yake haikuja.

Ndugu zangu, nilitamani aniulize tena, hata kwa kunifokea!

Basi nikaingia kwenye simu. Nikasoma habari za seli shina, chembe changa za mwili ambazo wataalamu wanajaribu kuzitumia kutengeneza ubongo ulioumia. Nikasoma habari za wagonjwa wanaoingizwa katika chumba maalumu kinachojazwa oksijeni kwa mgandamizo. Kila habari niliisoma nusu, ile nusu niliyoipenda. Seli shina sikuwa na pa kuzipata. Lakini oksijeni! Si iko karakana kwetu, kwenye mtungi mrefu, tunachomelea nayo vyuma kila siku?

Nikamwambia bosi wangu, Mzee Salehe, kwamba nimepata kazi ya geti Kisarawe. Nilidanganya. Akaniazima mtungi.

Jumapili mchana, baada ya ibada, nikaanza. Nyungu mnaijua: unaketi kwenye kigoda, unafunikwa gubigubi, chungu cha majani kinafuka miguuni. Mimi nikajiambia, hicho chumba cha oksijeni ni nini kama si nyungu ya wasomi? Nikamkalisha Mama, nikamfunika mablanketi mawili, nikapitisha mpira wa mtungi chini yake. Na ili dawa zisaidiane, nikamwambia Neema alete chungu cha mwarobaini, juu ya jiko lake la mkaa, kisipoe. Mama naye asubuhi ile alikuwa ameombewa na kupakwa mafuta ya upako, kichwani na mkono mzima. Alikuwa anang'aa.

Sasa sikilizeni. Jambo la kwanza unalofundishwa karakana ni kwamba oksijeni haikutanishwi na mafuta. Hata koki ya mtungi hatuigusi kwa mikono yenye grisi, maana penye oksijeni nyingi cheche ndogo tu inalipua moto. Nilijua! Nimewafundisha wengine! Lakini siku ile, machoni pangu, mtungi ule haukuwa tena wa karakana. Ulikuwa dawa, na dawa sikuiogopa.

Nikashika koki. Neema alikuwa anaingia mlangoni, makaa mekundu.

Hapo ikasimama bajaji ya mizigo uani, na sauti ikaita, "Yona! Fundi gani wewe, unakwenda kuchomelea geti unaacha mtungi wa gesi?" Alikuwa Mzee Salehe. Oksijeni peke yake haichomelei bila gesi, basi ameniletea mtungi wa pili, akidhani nimeusahau!

Akachungulia. Akaona mpira, blanketi, jiko.

"Binti, rudi na moto huo! Rudi! Yona, toa mkono kwenye koki!"

Neema alirudi mbio. Mzee Salehe akamfunua Mama taratibu, akasema, "Pole sana, mama." Kisha akanigeukia. "Ulitaka kumponya au kumbanika?"

Nikakaa chini.

Nakiri mbele zenu: siku ile Bwana alimwokoa mama yangu kutoka mikononi mwangu mimi, na alimtumia Mwislamu wa swala tano! Sisemi mafuta ya upako ni mabaya. Nasema nilikuwa na haraka. Nilitaka apone mchana mmoja, ili Jumatatu niondoke.

Mzee Salehe alipakia mitungi yake yote miwili akaniambia, "Kaulize wanaojua." Jumatatu nikampeleka Mama kliniki ya mazoezi ya viungo. Nikammiminia maswali dada mtaalamu wa pale. Hakunicheka. Akasema seli shina bado zinafanyiwa utafiti, na anayekuahidi sindano ya kuponya kiharusi leo, mkimbie. Kile chumba cha oksijeni kina magonjwa kinayoyatibu, lakini kwa kiharusi bado haijathibitika. Na oksijeni ya mgonjwa inatoka kwa daktari, kwa kipimo.

"Umemaliza?"

"Bado, dada."

"Basi uliza huku unamnyoosha vidole. Ubongo unajifunza upya kwa kurudia, kaka. Kila siku. Utakuwepo?"

Utakuwepo! Ndugu zangu, swali hilo nimelikimbia tangu darasa la sita.

Nikabaki. Asubuhi vidole, jioni hatua, kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo. Siku nyingine Mama alichoka, akanirushia kitambaa kwa mkono wa kushoto. Tukaimba mapambio, kwa sababu maneno aliyoshindwa kuyasema aliweza kuyaimba. Wiki zikawa miezi. Siku moja kidole gumba kikacheza, Neema akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna harusi. Mguu bado anauburuta, sifichi.

Leo asubuhi nimetoka kuchota maji. Nikamkuta uani, kisu mkono wa kulia, muhogo mapajani. Nikasema shikamoo.

Akainua uso. "Marahaba. Ume... umekuja kukaa, au unapita?"

Ndoo ikanidondoka. Nikasema, "Nimekaa, Mama."

"Basi menya na wewe."

Asante, Yesu! Wewe uliyeacha mgonjwa nyumbani, mtumaini Bwana. Muwahishe hospitali, uliza mpaka wakuchoke, kisha kaa naye. Mungu wetu haoni aibu kuponya polepole.

Mama ni yule pale benchi la mbele. Ibada ikiisha karibuni nyumbani mle mihogo. Amekata maganda manene kidogo... ananitazama, naona nikae.